Namna ya Kwenda Kunyeshewa Zanzibar: Mwongozo kwa Mtu wa Bomani

Kwanza chagua mwezi. Asiyekutakia mema atakushauri uende Julai, kipupwe kimetulia, au Januari, wakati kaskazi inavuma na anga ni jeupe. Anataka ukapange foleni na Wataliano kwenye duka la kofia. Wewe nenda Aprili. Aprili masika yamekolea Unguja na Pemba, hoteli zinapakwa rangi, bei zimeshuka, na wenyeji wamepata nafasi ya kukaa barazani kwao bila kupigwa picha. Aprili ikishindikana, nusu ya kwanza ya Mei inafaa. Ukijichelewesha mpaka katikati ya Juni utakuta jua, na hapo usimlaumu mtu.

Hapa Bomani, mjini Tarime, watakuuliza kwa nini unaacha mvua unafuata mvua. Ni kweli kwamba Tarime nayo Aprili haina mchezo. Mawingu yanapanda kutoka Ziwa Victoria mchana, jioni radi zinapiga mpaka mbwa wanaingia uvunguni, na mara mojamoja inashuka mvua ya mawe inayochanachana migomba. Lakini mvua hiyo ni ya bure, na kitu cha bure hakina hadhi. Hakuna aliyewahi kuitwa mtalii kwa kuloana njia ya kwenda Sirari, mpakani. Mvua ya kulipia nauli zaidi ya kilomita 1,200, ukalala njiani, ukavuka bahari, hiyo ndiyo mvua ya kusimulia.

Hatua inayofuata ni kuulizia kimbunga. Ulizia kwa sauti, ukiwa stendi, watu wasikie kwamba unakwenda mahali pa hatari. Hutakosa wa kukujibu. Mwaka 2019 kulikuwa na Kenneth, mwaka 2021 Jobo, na Mei 2024 vikaja viwili ndani ya mwezi mmoja, Hidaya na Ialy. Tangu hapo hata mzee ambaye maisha yake yote amejishughulisha na ng'ombe ana msimamo kuhusu mgandamizo wa hewa Bahari ya Hindi.

Usiwaeleze ukweli, maana utaharibu maongezi. Ukweli ni kwamba kimbunga kinataka vitu viwili: bahari yenye joto, na ule msokoto unaotokana na dunia kujizungusha. Kadiri unavyoikaribia ikweta, msokoto huo unafifia, upepo unabaki kukimbia bila kujisokota. Bomani iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, na hata bahari hatuna, kwa hiyo sisi hatukipati hata tukikiomba. Unguja iko kwenye nyuzi ya sita, pale ukingoni, mahali ambapo vimbunga vinafika kwa nadra na mara nyingi vikiwa vimechoka. Kenneth ilipita kaskazini ya Ngazija na kutua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Ndugu zetu wa Mtwara waliokuwa wamejiandaa kwa yote wakanusurika. Jobo ilikata pumzi kabla ya kuifikia pwani ya Dar es Salaam. Hidaya ndiyo iliyotuonyesha sura: iliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024 ikiwa inapungua nguvu, lakini ilikuwa na mvua ya kutosha kukata barabara ya kusini pale Somanga na kuwaacha watu wa Lindi na Mtwara wakiitazama Dar es Salaam kwenye simu. Boti za Zanzibar zikasimama. Kisha jua likatoka.

Kimbunga chenyewe hasa, cha kung'oa, ulichelewa kukiwahi. Kilipiga Unguja Aprili 1872. Sultani Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Kikamzamishia meli zake bandarini, kikalaza mikarafuu na minazi ya Unguja sehemu kubwa kabisa, halafu kwa sababu ambazo hakikueleza, Pemba kikaipitia kando. Mkarafuu haukui kwa mwaka mmoja wala mitatu. Tangu hapo Pemba ikashika usukani wa karafuu na haijauachia mpaka leo. Barghash akaagiza Uingereza meli mpya, akaiita Glasgow, nayo ikaja kuzamishwa na Waingereza haohao kwenye vita vya chini ya saa moja mwaka 1896. Kwa hiyo ukisikia Mpemba anajisifia karafuu, nyuma ya sifa hiyo kuna upepo wa siku moja.

Hayo yote ni ya kuyajua ili uyasahau, kwa sababu si kimbunga kitakachokupata. Kimbunga kina jina, kina ramani, kina mtu wa kukitangaza kwenye taarifa ya habari. Mvua ya Jumanne haina jina. Inaanza saa kumi alfajiri, inanyesha mpaka saa nane mchana, mtaro unajaa, choo cha nyumba ya wageni kinarudisha kilichopokea, na hakuna mtangazaji yeyote atakayesema lolote. Hiyo ndiyo utakayoikuta, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Sasa utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za masika mapema, na kila siku wanatoa taarifa za siku zinazofuata zikiwa na rangi: njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Msafiri wa kweli anasoma rangi ile ambayo nauli yake inaruhusu. Ukishalipa tiketi, chungwa inageuka njano yenyewe. Wakisema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili, wewe jiambie kwamba mita mbili ni urefu wa mlango tu, na mlango unaupita kila siku. Utakumbuka tofauti kati ya mlango na wimbi ukiwa katikati ya mkondo, lakini hapo utakuwa huna mtandao wa kuwaandikia.

Kuhusu mizigo, sheria ni moja: beba kila kinachokufaa Tarime. Beba lile koti zito unalovaa Juni asubuhi. Beba gambuti. Beba sweta la shingo ndefu. Mtu wa milimani anajua kwamba mvua na baridi ni mtu na ndugu yake, na hakuna wa kumdanganya. Ukifika bandari ya Malindi, Unguja, utagundua kwamba visiwani mvua imeoa kwingine, imeoa joto. Unaloana kwa nje kwa maji na kwa ndani kwa jasho, na koti linabaki katikati likipokea pande zote mbili. Usiku halikauki. Siku ya pili halijakauka. Siku ya tatu limeota ukungu wa kijani begani na lina harufu inayotangulia kuingia chumbani. Wenyeji watakutazama kwa huruma. Wao wamevaa kandambili na shati jepesi, wakiloana wanakauka, wakiloana tena wanakauka tena, na hakuna aliyepoteza koti.

Basi kutoka Tarime unalijua: Kirumi kwenye daraja la Mto Mara, makutano ya Musoma, Bunda, Lamadi, kisha kule mbele Singida na Dodoma. Ukitaka kupumzisha kiuno unaweza kushukia Dodoma ukapanda treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, tangu 2024 ipo. Ukibaki na basi utafikia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, na hapo ndipo utakapokutana na jirani yako.

Kila mtu wa Bomani anayekwenda Zanzibar Aprili anakutana na jirani yake anayerudi. Tarime imepeleka huko walinzi, wahudumu na wapishi, na hoteli nyingi za ufukweni zinapofunga kwa msimu wa mvua, hao ndio wa kwanza kuambiwa waende nyumbani wakasalimie, mara nyingi bila mshahara. Mazungumzo yenu yatakuwa hivi.

“Mura, unakwenda wapi na gambuti?”

“Zanzibar. Kupumzika.”

“Sisi ndio tumepumzishwa. Mpaka Juni.”

“Sasa mimi nilitaka kulala kwenye hoteli yenu.”

“Lala. Ila funguo ninazo mimi hapa mfukoni.”

Mnunulie chai. Usimpe pole nyingi, ataona unamdharau, na usimuulize bei ya chumba kwa usiku, maana ni kubwa kuliko anachopeleka nyumbani kwa mwezi, naye anaijua. Mwombe akuelekeze nyumba ya wageni mjini ambako hawafungi. Huyu ndiye mwongoza watalii pekee utakayemhitaji.

Kutoka Mbezi kwenda bandarini kuna Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa, barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni na mwendokasi unasimama. Kwa hiyo unaweza kuanza kuonja safari ya kisiwani ukiwa bado Bara, kwa kukaa upande mmoja wa maji na kuitazama Kariakoo upande wa pili.

Kwenye boti kaa nyuma, chini, katikati, mahali ambapo wanakaa wasafiri wenye aibu kidogo na uzoefu mwingi. Usikae mbele ghorofani ili upate picha. Aprili kusi imeanza kusukuma, na boti za kasi zinachukua kama saa mbili, muda wa kutosha kwa mtu aliyekula nyama choma ya Mbezi kutafakari uamuzi wake. Wahudumu watapita wakigawa mifuko. Chukua miwili. Mama wa Kizanzibari aliye pembeni yako atakuwa analala usingizi mzuri na mtoto mapajani, na kila boti ikidunda atavuta ushungi kidogo, basi. Ukianza kunung'unika atafumbua jicho moja na kukuambia, “Tazama mbali, mwanangu, usitazame chini.” Mtii.

Nitaweka kejeli pembeni kwa aya moja. Sisi watu wa Ziwa tulizika watu wetu waliozama na meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Wenzetu wa visiwani walizika wa Spice Islander, Septemba 2011 karibu na Nungwi, na mwaka haujapita wakazika wa Skagit, Julai 2012, karibu na Chumbe, siku yenye upepo mkali. Kwa hiyo siku nahodha akisema leo hatuondoki, usisimame dirishani ukapaza sauti kwamba una haraka. Rudi ukalale. Na chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, tiketi si mkataba wa kufa, kiache kiende.

Tuendelee. Utashuka Malindi ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA mkononi, na hapo kuna swali ambalo ni lazima ulikwepe: umeingia nchi nyingine au hujaingia? Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na maneno hayo yalizua kelele iliyodumu kuliko masika. Mwaka 2010 Wazanzibari wakarekebisha Katiba yao na kuandika kwamba Zanzibar ni nchi. Wana Rais wao, Baraza la Wawakilishi lao, na bendera yao tangu 2005. Wewe umekuja kunyeshewa. Ukiulizwa, sema mvua ni kubwa. Hilo halijawahi kupingwa na upande wowote.

Hata hivyo kuna faida ndogo ya Muungano utakayoifurahia papo hapo. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayetoka nje ya Tanzania anatakiwa kulipa bima ya dola 44 kabla ya kuingia Zanzibar. Mzungu aliyekuja kuota jua, akakuta hakuna jua, amelipa. Wewe uliyekuja kwa mvua hulipi kitu. Tembea kifua mbele.

Na ukiweza, panga uwepo tarehe 26 Aprili. Siku hiyo mwaka 1964 Mwalimu Nyerere, mtu wetu wa Mara, alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mbele ya wapiga picha. Ule ulikuwa mkavu. Wewe shuka na gambuti lenye tope la Bomani kwenye soli, kanyaga kichochoro cha Mji Mkongwe, kisha angalia nyuma yako. Umefanya kazi ileile kwa uaminifu zaidi, na hakuna aliyekupiga picha.

Mji Mkongwe wakati wa mvua unahitaji shingo. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Zinakunywa maji, na zikinywa sana zinakuwa nzito. Tazama juu kabla ya kujikinga chini ya roshani, hasa ile yenye nakshi nzuri zaidi kuliko zote. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu walipoteza maisha. Jumba lililopewa jina la maajabu likiweza kuanguka, roshani ya duka la vinyago haina ahadi yoyote na wewe.

Chini nako kuna kazi. Vichochoro vilijengwa kwa ajili ya kivuli, na kila paa linamwaga maji yake humohumo. Ndipo utakapojua kwamba zile baraza za mawe zilizotangulia kila mlango hazikuwekwa kwa ajili ya kahawa peke yake: mvua kubwa ikishuka, watu wanapita juu yake, kutoka baraza hadi baraza, wakiomba njia kwa kila aliyekaa. Unasalimia nyumba nzima kabla ya kufika dukani kununua kiberiti. Mtu wa Tarime aliyezoea kusalimia mara moja kwa sauti ya kuvuka bonde atapata shida hapa. Punguza sauti. Ukimsalimia Mzanzibari kwa ile sauti ya kwetu ya kuita ng'ombe, atadhani mtaro umezidiwa na umekuja kuwaokoa.

Nje ya Mji Mkongwe mvua inatafuta mabonde yake ya zamani na haijali nani amejenga juu yake. Mwanakwerekwe kwa miaka mingi ilikuwa na bwawa katikati ya barabara kila masika, na watu wakawa wanaulizana kina chake kama wanavyoulizana bei ya tungule. Ukipanda daladala la shamba, tuseme lile namba 116 la Nungwi, kaa katikati ya benchi. Wa pembezoni wanashikilia turubai kwa mikono, kwa zamu, mpaka mwisho wa safari.

Nungwi yenyewe utaikuta imelala. Viti vya ufukweni vimebebanishwa chini ya makuti. Mbwa mmoja. Bahari ina rangi ya jivu badala ya ile ya kwenye kalenda, na mlinzi aliyebaki, ambaye pengine ni wa Serengeti, atakukaribisha kibandani kwake kwa furaha ya mtu ambaye hajaongea tangu Ijumaa. Kaa naye. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, utawaona kina mama wa mwani wakitazama mawingu kwa makini kuliko mtaalamu yeyote, maana mwani ukinyeshewa ukiwa unakauka unaharibika, na bei yake hata ukiwa mkavu si ya kujivunia. Jozani kima punju watakuwa wamejikunyata matawini. Ziara ya viungo usiiache: utateleza kwenye tope la Kizimbani ukiwa umeshika mche wa mdalasini, na mwongozaji atashangaa jinsi unavyosimama imara wakati wengine wako chini. Hapo gambuti litakuwa limelipa nauli yake. Kisiwa cha Changuu, kule kwa makobe wakubwa, sahau. Makobe wanaipenda mvua sana; mwenye mashua haipendi.

Chakula sasa. Upepo ukiwa mkali ngalawa hazitoki, samaki anapanda bei, na wewe mla sato utaanza kutoa hotuba kuhusu Ziwa Victoria mbele ya muuza samaki wa Darajani. Acha. Ukiomba dagaa utaletewa wa baharini, hawana ujamaa na wale wa Musoma, ila wanaliwa. Ugali wa mtama hutaupata, na ukiupata utakuwa umepikwa na yule mlinzi wa Serengeti. Kunywa urojo. Mvua ikiwa inapiga bati, urojo wa moto wenye ukwaju, bajia, viazi na pilipili utakusahaulisha koti lako lenye ukungu kwa dakika kama kumi hivi. Kama Ramadhani imeangukia msimu wa mvua, ilivyokuwa miaka ya karibuni, usile mchana njiani hata kama kiwingu kimefanya mchana uonekane magharibi. Subiri adhana, halafu kubali kila mwaliko wa futari, kwa sababu hakuna hoteli duniani itakayokulisha hivyo.

Jambo la mbu lina utamu wake. Umetoka Mara, ambako malaria tunaihesabu miongoni mwa jamaa. Zanzibar wameishusha mpaka chini ya asilimia moja ya watu, na wengi wanaogundulika huko wanakutwa wametoka safari ya Bara. Kwa hiyo wakati wewe unajipaka dawa kwa kuogopa mbu wa kisiwani, hatari kwa kisiwa ni damu yako. Pima kabla ya kuondoka Tarime. Lala ndani ya chandarua, kwa faida ya mbu.

Umeme ukikatika, usiseme kwamba kwenu haukatiki. Wapo waliofika Sirari. Wazanzibari wana daraja lao katika fani hii. Mwezi Mei 2008 njia ya umeme unaokuja kutoka Bara chini ya bahari iliharibika, kisiwa cha Unguja kikakaa gizani karibu mwezi mzima; Desemba 2009 ikaharibika tena, na safari hiyo giza likadumu takriban miezi mitatu. Waliopitia hapo wakikatiwa kwa saa nne hawainui hata kichwa. Siku hizi kuna waya mkubwa zaidi. Beba tochi hivyohivyo.

Kubwa kuliko yote, jifunze kukaa. Hili ndilo litakalokushinda. Mtu wa Tarime mvua ikinyesha anatoka: kuna mtaro wa kuzibua, ndama wa kuingiza ndani, mbegu za kuwahi. Mzanzibari mvua ikinyesha anaingia, na mambo yote yanasogea mbele bila ugomvi. Aliyekuahidi saa tatu atakuja mvua ikikatika, nawe hutamkuta amekasirika kwamba hukumngoja. Utajikuta unatembea peke yako kwenye kichochoro, maji kwenye vifundo, koti kichwani, una haraka ya kwenda kuona kitu ambacho kimefungwa. Mzee mmoja barazani, kikombe cha kahawa mkononi, atakuita.

“Yakhe, wendapi?”

“Natembea tu, mzee.”

“Kuna mtu kakwita huko?”

“Hapana.”

“Basi njoo ukae.”

Kaa. Utapewa kahawa chungu na kashata. Utasikia mpira, siasa, bei ya mchele, na habari za mtu aliyekwenda Muscat mwaka wa 1970 na barua zake. Mvua itaongezeka na hakuna atakayeitaja. Ukiweza kufika saa nzima bila kuchungulia nje kuona kama imepungua, umefuzu. Wengi wetu hatufiki robo.

Wakati wa kurudi, zingatia karafuu. Karafuu ni mali inayolindwa kule; mnunuzi wake ni shirika la serikali, na kuisafirisha kimagendo ni kosa linalowapeleka watu jela. Pakiti ndogo ya dukani yenye risiti haina neno. Gunia, hapana. Najua unatoka karibu na Sirari na kwamba kuna njia za panya kuelekea Kenya unazozijua hata usiku bila tochi. Utaalamu huo uache hapohapo. Bandari ya Malindi ina mlango mmoja, na karafuu ina harufu inayomfikia ofisa kabla yako.

Nunua halua badala yake, vikapu vitatu. Kimoja cha wale wa stendi waliokuuliza habari za kimbunga, wapate cha kutafuna wakati ukiwaongopea. Kingine cha jirani yako mwenye funguo, ambaye mpaka Juni hatakuwa ameona mshahara. Cha tatu kiweke juu ya begi, karibu na mkono: mahali fulani kati ya Gairo na Dodoma basi litasimama kusubiri maji yapungue barabarani, na abiria wa kiti cha pembeni atakuwa ameshakula karanga zake zote.